Spika ya zamani inayokoroma: namna ya kubadilisha sponji ya wufa hatua kwa hatua

Dada mmoja aliniletea jozi ya spika za marehemu baba yake, maboksi ya mbao yaliyokaa sebuleni kwao tangu miaka ya sabini. Moja ilikuwa inakoroma. Ya pili ilishapita mikononi mwa fundi mwingine, naye aling'oa wufa ya asili, yaani ile spika kubwa ya besi iliyo ndani ya boksi, akaitupa, akapachika spika ya gari yenye sumaku isiyofika nusu ya ile ya mwanzo. Nilipopima wufa iliyobaki, koili (waya uliosukwa unaocheza ndani ya sumaku) ilikuwa salama na koni, ile karatasi pana inayotikisika na kutoa sauti, haikuwa na hata mkwaruzo. Kilichokuwa kimeoza ni pete ya sponji inayozunguka koni, basi. Sina shaka kwamba hata ile iliyotupwa ilikuwa na ugonjwa huohuo.

Naandika kwa ajili ya yeyote mwenye spika za namna hiyo nyumbani. Kazi hii inafanyika mezani, kwa vifaa vichache na siku mbili au tatu za subira, na spika ikitengenezwa hivi inabaki na sauti yake iliyotoka nayo kiwandani.

Kwa nini sponji huoza

Koni ya wufa imeshikwa sehemu mbili. Nyuma kuna spaida, kile kitambaa kigumu chenye mikunjo, mara nyingi cha rangi ya njano au kahawia. Mbele kuna pete laini inayounganisha ukingo wa koni na fremu ya chuma. Pete hiyo huiacha koni icheze mbele na nyuma, lakini huizuia isiende upande. Katika spika nyingi za miaka ya sabini na themanini imetengenezwa kwa sponji ya poliyurethani, na adui wa poliyurethani ni unyevu. Maji yaliyomo hewani huivunjavunja taratibu, na jua likiongezeka huharakisha. Miaka 15 hadi 25 ndio umri wake wa kawaida, hata kama spika imefunikwa na haipigwi. Sisi tunaoishi Pwani, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, tusitarajie ivuke hapo.

Kwa hiyo kwanza angalia pete yako ni ya kitu gani. Sponji iliyooza utaijua mara moja: ukiigusa kwa ncha ya kidole inamegeka kama keki iliyokauka, au inanata na kuacha uchafu mweusi mkononi. Raba huwa inang'aa kidogo na inarudi ukiibonyeza, nayo hudumu miaka mingi sana, hivyo ikiwa haijapasuka iache. Kitambaa nacho hudumu. Kampuni ya AR ya Marekani ilitoa spika yake ya AR-3 mwaka 1958 ikiwa na wufa ya pete ya kitambaa, na wufa za aina hiyo bado zinapiga. Mrithi wake, AR-3a ya mwaka 1967, baadaye ilihamia kwenye sponji, na leo ni vigumu kuipata ambayo sponji yake haijawahi kubadilishwa. Pete ya kitambaa usiipake mafuta wala gundi ili "kuilainisha". Utaua besi.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa chochote

Zima amplifaya, chomoa nyaya za spika, laza boksi chali juu ya blanketi. Fungua skrubu za wufa kwa bisibisi inayoingia sawasawa kwenye vichwa vyake. Shika bisibisi kwa nguvu, maana sumaku itaivuta, na ikiponyoka inatoboa koni. Nimeona koni nyingi zilizotobolewa hivyo kuliko zilizochanika kwa muziki. Inua wufa polepole, piga picha jinsi nyaya zilivyounganishwa, andika ni waya upi uko kwenye alama nyekundu au ya kujumlisha, ndipo uzichomoe.

Sasa chukua multimita, kile kipimo cha umeme, iweke kwenye omu, gusa maungio mawili ya wufa. Spika iliyoandikwa omu 8 inapaswa kusoma kama 5.5 hadi 7. Ya omu 4 itasoma kama 3 hadi 3.5. Usishangae namba kuwa ndogo kuliko iliyoandikwa, kwa sababu mita inapima waya wa koili peke yake bila sauti kupita. Ukipata namba ya aina hiyo, koili ni nzima.

Mita isiposoma kitu, usihukumu bado. Angalia zile nyuzi mbili laini za shaba zilizosukwa, zinazotoka kwenye maungio na kuingia kwenye koni. Hizo hucheza pamoja na koni maelfu kwa maelfu ya mara, na hukatika palepale zinapoingia kwenye karatasi. Gusa mita kwenye vidoti vya lehemu vilivyo juu ya koni yenyewe. Ikisoma hapo, koili ni nzima na uzi ndio uliokatika, kazi ya dakika kumi ya kulehemu uzi mwingine laini uliosukwa. Usitumie waya mgumu wa kawaida, utakatika ndani ya wiki moja.

Kisha sukuma koni. Weka vidole vya mikono miwili kuizunguka kofia ya katikati, kwa umbali ulio sawa, ubonyeze taratibu na kuachia. Sikiliza kwa sikio lililo karibu. Ikiteleza kimya, sawa. Ikisugua kama msasa, rudia huku ukiitegemeza koni kidogo upande mmoja, maana sponji ikishaoza koni hulala upande na kusugua ingawa koili haina kosa. Ukijaribu pande zote na bado inasugua, na ukinusa kuna harufu ya kuungua, basi koili imevimba. Hiyo ni kazi ya fundi wa kusuka koili, nje ya mwongozo huu. Mwambie asuke koili kwa waya wa unene uleule na asibadilishe koni ya asili kama bado iko nzima, kwa sababu uzito wa koni ni sehemu ya sauti.

Hatua ya 2: Pata pete inayolingana

Hapa ndipo wengi hukosea, wananunua "ya inchi 10" halafu haikai. Inchi zinazotajwa ni za fremu, na kila kiwanda kilikuwa na vipimo vyake. Chukua rula upime kwa milimita vitu vinne: upana wa koni kutoka ukingo hadi ukingo, upana wa mviringo pale mkunjo wa sponji unapoanza upande wa ndani, pale unapoishia upande wa nje, na upana wa sehemu bapa ya fremu ambako sponji imebandikwa. Mpelekee muuzaji namba hizo. Angalia pia kama ukingo wa koni ni bapa au umeinama, na kama sponji ya zamani ilibandikwa juu ya koni au chini yake. Liandike hilo kwenye karatasi, kwa sababu baada ya kusafisha hutakumbuka.

Badilisha zote mbili kwa pamoja. Pete mpya upande mmoja na kuukuu upande mwingine hutoa besi zisizofanana.

Gundi nayo ina maana. Kwa koni ya karatasi, gundi nyeupe ya maji inayokauka na kuwa angavu inafaa, kwa sababu hubaki laini kidogo na inakupa muda wa kurekebisha. Supaglu usiisogeze karibu: inashika papo hapo, inakuwa ngumu kama kioo, na ukikosea hakuna kurudi nyuma. Koni za plastiki hazishikwi na gundi nyeupe, kwa hiyo omba gundi ya spika inayofaa plastiki hiyo.

Hatua ya 3: Ondoa sponji iliyooza

Kwenye fremu, juu ya ukingo wa sponji, mara nyingi kuna vipande vya kadibodi au raba vinavyofunika. Vibandue taratibu kwa kisu butu na uvitunze, vitarudi. Kisha mega sponji yote kwa mkono, wufa ikiwa imesimama wima ili makombo yaanguke mezani badala ya kuingia kwenye sumaku.

Kusafisha ukingo wa koni ndiyo kazi inayotaka subira kuliko zote. Lowesha kijiti cha pamba kwa alkoholi ya isopropili, pitisha kwenye sehemu ya urefu wa vidole viwili tu, subiri dakika moja gundi ilainike, kisha isugue kwa ncha ya kidole mpaka ijikunje na kutoka kama uchafu wa kifutio. Endelea sehemu kwa sehemu. Usiloweshe koni yote mara moja, karatasi itajikunja. Tabaka jembamba la gundi ya zamani lililoshika vizuri na lililo laini halina ubaya, liache kuliko kukwangua mpaka ukachana karatasi.

Fremu ni chuma, haihitaji huruma. Kwangua, futa kwa alkoholi, hakikisha ni safi na kavu.

Hatua ya 4: Weka koili katikati

Koili inacheza ndani ya mwanya mwembamba sana wa sumaku. Ukibandika pete huku koni imelala upande hata kidogo, wufa itasugua milele. Kuna njia mbili za kuiweka katikati, nami kwa anayeanza napendekeza ile ya vipande, ingawa inakulazimu kukata kofia ya katikati.

Kwa wembe mkali, kata kofia kuizunguka, milimita mbili au tatu kutoka ukingoni, ili ubaki ukingo wa kuirudishia. Ndani utaona mdomo wa koili na chuma cha katikati cha sumaku. Kuna uchafu wa chuma humo? Usipulize. Kunja selotepu, sehemu inayonata iwe nje, uichovye mwanyani na kuitoa mpaka itoke safi.

Kata vipande vinne vya plastiki nyembamba, upana wa kidole kidogo. Filamu ya eksirei ya zamani inafaa sana na haikosi nyumba nyingi. Ingiza kimoja kati ya koili na chuma cha katikati, halafu cha pili mkabala nacho, kisha viwili vilivyobaki, kama saa 12, 6, 3 na 9. Viingie kwa kubana kidogo bila kulazimishwa. Vikilegea, ongeza tabaka la karatasi nyembamba kwa vyote vinne kwa usawa. Vikiwa vimekaa, koni haiwezi kuyumba.

Njia ya pili ni kwa wufa ambazo kofia yake ni ya chuma au ni sehemu ya sura ya spika, zisizofaa kukatwa. Hapo unabandika pete kwenye koni, unaiacha ikauke, na wakati wa kuibandika kwenye fremu unapitisha sauti ya hezi 20 hadi 30 kutoka kwenye programu ya simu kupitia amplifaya, kwa volyumu ndogo sana. Koni itacheza taratibu mbele na nyuma. Unaisogeza pete huku na huku kwa vidole mpaka msuguo unyamaze kabisa, unaishikilia hapo mpaka gundi ianze kushika. Inafanya kazi vizuri mikononi mwa aliyezoea.

Hatua ya 5: Bandika

Kwanza jaribu bila gundi. Iweke pete mahali pake, izungushe, hakikisha inakaa sawa pande zote.

Paka gundi nyembamba kwenye ukingo wa koni na kwenye mdomo wa ndani wa pete, kwa brashi ndogo. Weka pete, juu au chini ya koni kama ulivyoandika. Zunguka ukibonyeza kwa vidole, kila mahali, mara mbili tatu. Gundi ikitokeza, ifute kwa kitambaa kibichi. Iache ikauke usiku mzima kabla ya kuibandika kwenye fremu. Wanaounganisha pande zote mbili kwa siku moja ndio hurudi na wufa iliyopinda.

Kesho yake, rudia kwenye fremu: gundi, bonyeza, kisha bana ukingo kwa vibanio vya nguo kuuzunguka wote. Kabla gundi haijashika, angalia kwa macho kutoka ubavuni kwamba mkunjo wa sponji una kimo kilekile pande zote. Subiri saa 24. Usijaribu "kidogo tu" jioni.

Ondoa vipande vya plastiki, sukuma koni, sikiliza. Kimya? Rudisha kofia kwa gundi kidogo juu ya ule ukingo ulioacha. Rudisha na vipande vya kadibodi kwenye fremu.

Hatua ya 6: Kabla ya kufunga boksi

Kwa kuwa boksi liko wazi, malizia na mengine.

Krosova ni ile bodi ndogo inayogawa sauti, besi kwenda kwa wufa na sauti nyembamba kwenda kwa twita. Ndani yake kuna kapasita, na zile za elektroliti hukauka kwa miaka, twita ikaanza kusikika hafifu au kukwaruza. Kama multimita yako inapima kapasita, fungua lehemu ya mguu mmoja wa kila moja, upime, ulinganishe na namba ya mikrofaradi iliyoandikwa. Ikiwa tofauti inazidi asilimia 20, badilisha, na zile za umri wa miaka 40 mimi hubadilisha tu bila kubishana. Nunua zisizo na upande wa kujumlisha na kutoa, zenye alama NP au BP, au za filamu, zenye mikrofaradi zilezile na volti zilezile au zaidi. Kapasita ya kawaida ya redio yenye upande wa kutoa haifai hapa.

Spika nyingine zina vitasa vya kurekebisha twita nyuma ya boksi. Vikikwaruza au twita ikikatikakatika, nyunyiza dawa ya kusafishia maungio na uvizungushe mara ishirini au thelathini. Mara nyingi twita "iliyokufa" hufufuka hapohapo.

Pamba ya kioo au sufi iliyomo ndani irudishe yote kama ulivyoikuta. Vaa glavu na barakoa. Usipunguze wala kuongeza, hasa kwenye boksi lililozibwa kabisa. Edgar Villchur, aliyebuni mfumo huo na kuanza kuuza AR-1 mwaka 1954, aliifanya hewa iliyofungiwa ndani ya boksi iwe ndiyo springi ya wufa. Hewa ikivuja, springi imekwenda. Kwa hiyo angalia raba au utepe ulio chini ya fremu ya wufa, na ukiona umekauka weka mpya. Ukishafunga, bonyeza wufa taratibu na kuiachia: kwenye boksi lisilovuja inarudi polepole, kama mtu anayevuta pumzi. Boksi lenye tundu la hewa halina kipimo hiki.

Nyaya zirudi kama picha inavyoonyesha. Ukiwa na shaka, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye wufa kwa nukta moja, upande wa kujumlisha kwenye maungio mekundu. Koni ikienda mbele, ni sawa kwa spika nyingi. Spika nyingi za zamani za JBL hufanya kinyume, huenda nyuma, na hiyo si hitilafu. Kikubwa wufa zote mbili ziende upande mmoja. Twita usiijaribu kwa betri.

Kuanza kuzipiga

Saa chache za mwanzo ziwe za volyumu ya kawaida, sponji mpya ilegee. Sikiliza sauti ya mtu au gitaa la besi unalolifahamu vizuri, kisha hamisha balansi kushoto na kulia ulinganishe. Usizidishe volyumu mpaka sauti ianze kupasuka. Amplifaya ndogo iliyosukumwa kupita uwezo wake huunguza twita haraka kuliko kubwa inayopigwa kwa kiasi.

Maboksi yainuliwe kutoka sakafuni, yasigusane na ukuta wenye unyevu, wala yasikae dirishani jua linapopiga. Vumbi la koni liondolewe kwa brashi laini na kavu. Mbao ikihitaji mafuta ya mbegu za kitani, paka kidogo, na vile vitambaa ulivyopakia uvitandaze nje vikauke, maana vikirundikwa vinaweza kushika moto vyenyewe.

Ukishamaliza, kabla ya kukaza skrubu ya mwisho, chukua penseli uandike ndani ya boksi tarehe ya leo, vipimo vya pete uliyoweka na namba za kapasita ulizobadilisha. Nilipofungua ile spika ya yule dada, ndani kulikuwa na mwandiko wa baba yake: waya mwekundu uende wapi.